Mzee Akiomba Maji

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Kinywa, mashine ya matangazo ya manispaa, kiliniletea tangazo la kuhamisha nyumba arobaini na moja, kikaniomba kidole cha kuliidhinisha.

Sikuweka.

Nililisoma mara ya pili, polepole, maana mimi shule niliishia kidato cha pili na maneno ya serikali huwa yananiteleza. Kwenye kioo paliandikwa hivi: "Wakazi wa Mtaa wa Matofalini. Wataalamu wamebaini kuwa msimu huu kutakuwa na mafuriko makubwa. Kwa usalama wenu mnaombwa kuhama ndani ya siku kumi na nne. Magari ya manispaa yatawabeba bure. Mwisho wa tangazo, asanteni." Pembeni kulikuwa na maelekezo ya sauti: upole, huzuni kidogo, kukohoa mara mbili mwanzoni.

Hilo la kukohoa ndilo lililonipandisha hasira.

Nikabonyeza nisikilize mwenyewe. Spika ndogo ya mezani ikakohoa, khm, khm, halafu Mzee Luhwago akaanza kusema. Mzee Luhwago tuliyemzika miaka minne iliyopita, mvua inanyesha, mimi nimeshika beleshi.

Ofisa habari wetu, Madam Redempta Nyalusi, aliingia na kikombe chake cha chai. Yeye haketi ovyo, husimama nyuma yako mpaka shingo iwashe.

"Eze, hilo la Matofalini liende saa nane mchana. Watu wakiwa wameshakula."

"Madam, mafuriko gani?"

"Hayo yaliyoandikwa."

"Muhtasari wa kamati unaokwenda barazani Alhamisi ulipita humu humu kwenye Kinywa wiki jana. Ajenda ya saba. Matofalini inakuwa stendi ya mabasi. Imewekewa alama ya isitangazwe. Mafuriko sikuyaona."

Akafunga mlango. Nilidhani atanifokea, lakini aliweka kikombe chini na kujisugua macho kama mtu ambaye hajalala.

"Stendi ya sasa unaijua. Mwaka huu tu mabasi yamegonga watoto watatu pale. Tukiwaambia Matofalini ukweli wataenda mahakamani, na huko tutakaa miaka tisa. Mzee akiwaambia mafuriko, wiki moja wameshahama. Na nyumba tunazowapa Kilimani ni za tofali, zina maji ndani. Sasa niambie nani anaumia."

"Si muwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Kwa sauti ya nani? Yangu?" Akacheka bila raha. "Nilipotangaza chanjo ya mbwa kwa sauti yangu waliletwa mbwa sita. Akatangaza Mzee, wakaletwa mpaka mbwa wa wilaya jirani. Kidole, Eze. Saa nane."

Akatoka. Chai akaisahau.

*

Lukindo ni mji mdogo. Ukisimama kwenye ngazi za manispaa unauona wote, ukungu ukikuruhusu. Kabla ya Kinywa, habari za mji huu zilipita kwenye pikipiki moja ya petroli iliyofungwa spika ya tarumbeta. Nyuma alikaa Mzee Barnaba Luhwago, koti la mvua mwaka mzima. Mbele nilikaa mimi, dereva wake, tangu nina miaka kumi na tisa mpaka ishirini na tano.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunaingia mtaani, napunguza mwendo, Mzee anakohoa mara mbili, halafu: "Tangazo, tangazo, wakazi wa Lukindo." Wanawake wanaacha kumenya njegere. Wanywaji wa pombe ya ulanzi wanashusha vikombe. Mzee anasema kesho maji hakuna mpaka saa kumi, au kuku waletwe kwa mtendaji wachanjwe, au Jumamosi kila mtu na fagio lake. Akimaliza anasema asanteni, kama vile wao ndio waliomfanyia kazi. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli mahali, moyo unarudi kule kwenye baridi, mgongo wake umenikinga upepo. Hapana, nasema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, mimi ndiye niliyemkinga. Lakini ndivyo ninavyokumbuka.

Habari mbaya alikuwa na namna yake. Kama nyumba itabomolewa, au mtu amefia mbali, au mtoto amekamatwa, Mzee hakuitangaza mpaka amefika kwa mwenyewe. Ananiambia, "Zima." Nazima pikipiki, nazima na spika. Anatembea kwa miguu mpaka mlangoni, anapiga hodi, akikaribishwa anasema, "Naomba maji ya kunywa." Basi. Lukindo nzima ilijua. Mzee akiomba maji, unamletea, halafu unakaa chini. Hasemi neno mpaka umekaa. Ndipo anakueleza, na anabaki hapo mpaka uulize yote unayotaka kuuliza. Mara moja tulikaa kwa mtu mmoja tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Mimi nilikuwa nje nalaani njaa.

Kinywa kilipokuja, kilitengenezwa na kanda zake. Miaka thelathini na moja ya matangazo manispaa ilikuwa imeyarekodi. Fundi aliyekifunga alinieleza: mashine haichezi kanda, imejifunza mtu. Imejifunza wapi anavuta pumzi, neno lipi analivuta, akisema "wazee wangu" sauti inashuka kiasi gani. Ukiipa maandishi yoyote, inayasema kama yeye angeyasema. Nguzo ikasimikwa kila mtaa, saa moja asubuhi na saa nane mchana zinasema zote pamoja, mji mzima.

Mzee alikubali, akatia sahihi. Aliniambia, "Acha iseme maji na takataka, magoti yangu yamechoka. Ile ya kuomba maji nitakwenda mwenyewe."

Na kwenye kanda zile za miaka thelathini na moja, maji hayo hayamo. Yatakuwamo vipi? Alikuwa ameshanizimisha spika.

Madiwani waliogopa mashine iseme peke yake, wakapitisha sheria ndogo: hakuna tangazo bila kidole cha binadamu. Vilisajiliwa vidole viwili, cha Mzee na changu. Kuongeza cha tatu lazima baraza likae.

Kinywa kilipofikisha miezi mitano kazini, Mzee akalazwa. Orodha za misiba zilikuwa zinakuja zenyewe kutoka hospitali kila siku mchana. Siku hiyo nilikuwa na haraka, mpira unaanza saa nane na robo. Niliona majina manne, sikusoma, nikaweka kidole.

Mama Tuvako, mke wake, alikuwa anaanika nguo uani. Nguzo iko mbele ya geti lake. Ikakohoa mara mbili, na mume wake, kwa sauti yake mwenyewe, akamtangazia mtaa mzima kwamba Barnaba Luhwago wa Matofalini amefariki dunia leo asubuhi.

*

Jumanne hiyo nilifika kwa Mama Tuvako saa nne. Nyumba namba moja kwenye orodha. Alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage, redio imezimwa, miguu juani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Eze. Karibu. Mbona umekuja saa za kazi, umefukuzwa?"

"Bado. Mama, wanataka mhame wote. Saa nane Mzee atasema kuna mafuriko, na ni uongo, wanajenga stendi, na mimi ndiye niweke kidole."

Niliyatoa yote hivyo, kwa mkupuo, nimesimama. Akaacha maharage.

"Uliendesha pikipiki ya Luhwago miaka sita," akasema. "Sita. Na ndivyo alivyokufundisha kuleta habari?"

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nikawa sina mahali pa kutazama isipokuwa ile nguzo. Kila siku saa moja asubuhi huwa anasimama pale na kikombe, mkono mmoja kwenye nguzo. Watu wa mtaa wanamwacha. Mwanamke mwenye mume hospitalini anakwenda kumwona, Mama Tuvako anakwenda kwenye nguzo.

"Kuna kingine," nikasema. "Siku ile ya msiba. Kidole kilikuwa changu."

"Najua."

"Unajua?"

"Vidole vilikuwa viwili, mwanangu. Kimoja kilikuwa mochwari."

Miaka minne nilikuwa nalikwepa neno hilo, nampelekea sukari, namtengenezea bati, na yeye alikuwa nalo muda wote. Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Sasa utafanyaje?" akauliza.

Njiani nilikuwa nimeshapanga, na niliona ni akili kubwa. "Kidole ni changu na kioo kiko kwangu. Nafuta maandishi yao, naandika ya kweli. Saa nane Mzee anawaambia watu: msihame, mnadanganywa, ni stendi. Watamwamini. Atawaokoa yeye mwenyewe."

Nilidhani atafurahi. Aliniangalia kama nimemtemea mate kwenye sufuria.

"Kwa hiyo na wewe unataka kumtuma."

"Mama, mimi nasema kweli! Wao wanasema uongo."

"Wao wamemwandikia maneno, wewe umemwandikia maneno. Yeye amekufa, Eze. Hajui stendi, hajui mafuriko. Leo unamtuma kwa ukweli, kesho anayekaa kwenye kiti chako anamtuma kwa nini? Kama unalo la kusema, wewe huna mdomo?"

"Mimi nani atanisikiliza? Mimi ni Eze. Watu wananijua kwa kudai nyama choma kwa mkopo."

"Basi waambie ukiwa Eze mla mkopo."

Kweli mtu akikuambia hivyo hujui ucheke au ulie. Nikamuuliza lile lililobaki. "Nikiyasema haya mbele za watu, mama, hawataiamini tena sauti. Wataifunga. Na wewe kila asubuhi..."

Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye vidole vya miguu yake mpaka kwenye visigino.

"Unajua nasikiliza nini pale?" akasema. "Siyo maneno. Maneno ni ya kwenu. Nasikiliza anapokohoa. Khm, khm. Hapo ndipo yupo. Akianza kusema maji yatakatika, ameshaondoka."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na spika ya tarumbeta imefungwa kwenye khanga. Ilikuwa na kutu mdomoni. "Chini ya kitanda inanigonga kichwa kila nikifagia. Chukua."

*

Nyumba arobaini na moja kwa hodi si mchezo. Betri ya pikipiki niliunganisha kwenye spika, lakini sikuiwasha. Mlango wa Mama Tuvako ulikuwa umeshapigwa, nikaenda wa pili, wa tatu. Kila mlango naomba maji. Kwenye ule wa pili, bibi mmoja kiziwi wa sikio la kushoto, aliposikia naomba maji akaangua kilio kabla sijasema kitu, ikabidi nimbembeleze kwamba hakuna aliyekufa. Nyumba ya tisa tumbo lilikuwa limejaa kama kiriba. Nikawa nalowesha midomo tu.

Nyumba ya kumi na tano ilikuwa ya Fundi Nzowa, seremala, mdomo mchafu kuliko gereji.

"Maji?" akasema. "Wewe tangu lini unakunywa maji?"

"Kaa chini, fundi."

"Nyumbani kwangu unanikalisha?" Lakini akakaa, juu ya ubao aliokuwa anapiga randa. Nikamweleza yote. Akajikuna kidevu, vumbi la mbao likaanguka.

"Mbona Mzee hajasema?"

"Mzee amekufa, fundi. Jeneza ulichonga wewe."

"Naam, nilichonga mimi." Akatazama mikono yake. "Lakini bado namsubiri aseme. Si kichaa hicho?"

Nikamwambia alichoniambia Redempta pia, kuhusu watoto watatu wa stendi ya sasa na nyumba za Kilimani zenye maji ndani. Sikutaka kuficha upande. Fundi akasema, "Wangeniuliza, labda ningekubali. Mimi hapa choo kimejaa. Ila waniulize." Akavaa shati, akaja nami kwenye nyumba ya kumi na sita, na huko yeye ndiye aliyepiga hodi.

Saa nane ilitukuta nyumba ya thelathini na tatu. Nguzo hazikusema. Mji ambao haukuwahi kukosa tangazo miaka minne ulitulia mpaka nikasikia cherehani ya mtu mtaa wa pili. Watu wakatoka milangoni wakitazama juu ya nguzo kama wanatafuta ndege. Simu yangu ikaanza kulia, jina la Madam, nikaiacha ilie.

Nikawasha spika. Ikapiga mluzi mbaya.

"Tangazo, tangazo," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mbuzi. Mtu akacheka. "Mimi siyo Mzee. Mimi ni Ezron Kikoti, niliyekuwa namwendesha. Alhamisi saa tatu baraza la madiwani linakaa, na kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi yeyote anaingia. Ajenda ya saba ni Matofalini. Njooni msikie wenyewe. Mwisho wa tangazo." Nikasahau kusema asanteni. Nikawasha tena. "Asanteni."

*

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mhandisi wa manispaa aliulizwa hayo mafuriko yanatokea mara ngapi, akasema kwa sauti ndogo mara moja katika miaka mia mbili. Watu wakamzomea, meya akagonga meza mpaka glasi ikaanguka. Redempta alisimama akasema maandishi yale aliandika yeye, hakumtaja aliyemtuma. Sikutarajia. Stendi ikaahirishwa mpaka wananchi wa Matofalini waulizwe mmoja mmoja. Mimi nikaondolewa kazini kwa kukataa agizo, na hilo nililitarajia.

Halafu diwani wetu wa Matofalini akaleta hoja ya dharura. Sauti iliyokuwa tayari kutudanganya mara moja, akasema, itakuwa tayari mara ya pili. Ifutwe. Yote, kanda na mashine, isibaki hata pumzi. Kura kumi na sita kwa saba. Watu wa mtaa wangu walipiga makofi, na Fundi Nzowa alipiga kuliko wote huku anafuta macho kwa mkono wa shati.

Nilimtafuta Mama Tuvako ukumbini. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda kijijini kwa dada yake, angerudi jioni sana.

Kwenye ngazi Redempta alinishika kiwiko.

"Wamenisajili kidole changu mimi," akasema. "Kesho saa moja asubuhi nguzo zinatangaza uamuzi wa baraza. Lazima zitangaze, ni kanuni. Baada ya hapo inafutwa."

"Kwa sauti ya nani?"

Mashine ina sauti moja tu.

Kichwani nikaona nguo zimeanikwa uani. Nikaona yule mwanamke na kikombe chake, mkono kwenye nguzo, anasubiri kukohoa, na baada ya kukohoa mume wake anamwambia kwamba anafutwa.

"Nitaweka kidole saa moja kamili," akasema Redempta, akitazama kwingine. "Siyo saa moja kasoro, Eze. Kamili."

*

Ijumaa ukungu ulikuwa umelala barabarani. Niliendesha pikipiki yangu ya umeme isiyo na sauti wala harufu, na nilitamani ingenguruma kidogo, nijione siko peke yangu. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano nilikuwa kwenye kona ya Matofalini. Nikazima. Nikatembea kwa miguu.

Alikuwa bado hajatoka. Moshi ulikuwa unapanda jikoni, chai inachemka.

"Hodi."

"Karibu! Nani, asubuhi yote hii?" Akatokea mlangoni na kikombe chake mkononi, khanga mabegani, tayari kwa nguzo. "Eze. Nilisikia njiani mmeshinda. Umeshapata chai?"

"Shikamoo, mama." Nilibaki nje ya kizingiti. "Naomba maji ya kunywa."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo usoni, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Akaiangalia nguzo, akaniangalia mimi. Halafu akamwaga chai yake taratibu kwenye mizizi ya mparachichi, akaingia ndani na kikombe hicho hicho, akarudi nacho kimejaa maji.

Nikanywa yote. Alisubiri mpaka nimemaliza, akavuta kigoda chake mpaka katikati ya uwanja, akajifunga khanga vizuri, na akakaa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nimekaa."